Heri Kuchelewa Kuliko Kufikishwa

Ni mwaka sasa, Baba, tangu asubuhi ile uliporudi mlangoni kutafuta miwani iliyokuwa kichwani mwako, ukajicheka, ukaondoka na gari la mikate. Hukurudi.

Watu walikuita Breki. Bibi wa dukani alikuwa akikutania, "Breki, mikate yako ikifika huku ina wajukuu!" Nawe ulimjibu, "Heri kuchelewa, mama, kuliko kufikishwa." Tumekua na neno hilo. Kaka alipokuwa anajifunza gari, alitupia simu jicho mara moja tu, ukamnyang'anya ufunguo. Hukumsemesha mpaka alipoomba radhi mbele yetu sote.

Ulikuwa mwema. Mikate iliyobonyea hukuiuza, uliwagawia majirani. Mimi si msemaji, na hukunilazimisha kusema. Uliketi karibu na cherehani yangu, ukanyamaza pamoja nami.

Nilikushonea kimfuko cha simu kwa kipande cha pazia, nikakitia kifungo. Ukasema, "Humu ndimo italala mpaka nizime gari." Kila jioni ulishuka nacho kimefungwa, ukanikabidhi kama mtu anayerudisha mtoto wa jirani. Nikajua nakulinda.

Msibani, mwenzako wa kupakia mikate, ambaye siku ile hakuwa nawe, alikaa kando yangu. Alidhani ananifariji. "Baba yenu alikuwa mcheshi, dada. Njia nzima yuko kwenye simu, tunacheka tu. Tukifika kona ya gereji anasema, 'Haya, tuilaze, binti yangu asije akaniona.'"

Kona ya gereji, Baba. Pale mlango wetu unaonekana.

Lori ulilogonga lilikuwa limeharibika, limewekewa matawi barabarani. Wenzako wote walilipita. Simu waliikuta chini ya miguu yako. Ujumbe wako wa mwisho ulikuwa wa sauti, unawahimiza madereva wenzako waendeshe taratibu, mvua inakuja. Kimfuko nilirudishiwa kikiwa safi, tundu la kifungo bado gumu kama siku nilipolishona.

Mama hulia, kisha hukununia, kisha hulia tena. Sisi ulitufunga kwa sheria, wewe ukajiachia mlango wa nyuma.

Gari la mikate sasa analiendesha Kaka. Siku ya kwanza aliniomba kile kimfuko. Nilimwambia, "Hapana. Simu niachie mimi, hapa mezani." Sijawahi kumkatalia mtu namna ile. Alinitazama, akaiacha. Ikilia, hakuna anayeipokea. Akichelewa, tunangoja.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye shati lako la kazi bado linaning'inia upande wake wa kitanda, mwanao dereva, binti yako wa cherehani, na bibi wa dukani, ambaye siku hizi hamtanii mtu.

Ungechelewa tu, Baba. Tungekungoja.

Kukukumbuka, tutakukumbuka daima.