Mtoto Aliyeachwa Kisimani

Mdogo wangu Zuhura,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Hujambo? Goti lako je, na kifua cha shemeji? Sisi hapa Malindi twapumua, alhamdulillahi. Ningepiga simu, lakini masikio yako siku hizi ni ya kutundikia vipuli tu. Basi mimi nasema, mjukuu wangu Saumu anaandika, nawe uliyepelekwa shule utajisomea.

Saumu anajifunza kuandika hadithi za watoto na vijana. Aliniomba moja, nikampa ile ya mama, ya msichana aliyeitwa kutoka kisimani na sauti kama ya mamake, akaifuata humo ndani. Wakumbuka mama alivyokuwa akimpa msichana yule jina la mmoja wetu, nasi tukibanana kwa hofu? Lakini hakuinuka mkekani kabla ya kumrudisha mtoto kwao.

Nikamwambia Saumu, "Mrudishe." Akacheka.

"Bibi, mwalimu wetu asema vijana hawapendi kumaliziwa kila kitu. Waache wafikiri."

"Wafikiri nini, na mtoto yuko shimoni?"

Hakusikia. Akampa msichana jina la bintiye, Riziki, akamsomea huyo bintiye mchana kweupe, akamwacha msichana pale pale kisimani, akafunga kompyuta akaenda kukuna nazi.

Tangu hapo Riziki akiitwa haitiki. Si kiziwi. Anageuza kichwa upande mwingine, kana kwamba anaitwa kutoka huko. Anakaa kama mgeni, miguu pamoja, anauliza, "Nitapelekwa lini kwetu?" Mamake akimwambia hapa ndipo kwenu, anajibu, "Ahsante." Zuhura, adabu ile ndiyo iliyonikata maini. Mtoto yule alikuwa mtundu kama wewe.

Saumu ameacha kucheka. (Andika, mwanangu, usilie juu ya karatasi.) Juzi aliketi akaandika mwisho: msichana anatoka, anafika nyumbani, anakumbatiwa. Mzuri kweli. Tukamsomea Riziki. Akasikiliza mpaka tamati, kisha akasema, "Huyo mliyemleta si mimi."

Sasa nautaka mwisho wa mama, neno kwa neno. Mimi nilikuwa nikipitiwa na usingizi kabla haujafika. Wewe ulikuwa macho siku zote, ukitafuna kucha. Nani alikwenda kumtoa? Alimwambia nini? Usitie urembo wako. Andika leo hii, umpe yeyote ajaye huku. Ningekuja mwenyewe, ila miguu imevimba, na mtoto hataki kutoka mlangoni.

Nisalimie shemeji, na mkwe wako msuka makuti, na yule jirani yako mbea, mwambie sijafa.

Riziki nilimuuliza akusalimie vipi, maana hajapata kukuona wala kufika huko kwako Takaungu. Akasema umwachie mlango wazi, amekaribia kufika.

Basi uache wazi, Zuhura. Akitokea usimuulize kitu. Mpe uji, mshike mkono, uniletee.

Dada yako, wako mpaka kaburini,
Mwanamisi