Mabati Uliyonunua kwa Jina Langu

Maabara ya Plastiki,
Ghorofa ya pili, chumba cha mwisho.
Tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Pokea salamu zangu, wewe na nyumba nzima. Goti lako linaendeleaje? Na wifi, bado anakuficha chumvi? Mimi mzima wa mwili. Nakula, nalala, naenda kazini. Zaidi ya hapo, siku hizi moyo umekaa tu.

Habari ya uprofesa umeshaisikia. Walipanga viti, wakaleta juisi na hotuba. Mkuu wa idara akasoma idadi ya wataalamu walionukuu andiko langu la mabati ya plastiki, na watu wakapiga makofi mpaka mpiga picha akaning'iniza kamera shingoni, naye apige. Sikuhisi kitu. Nilikuwa natazama kiatu cha mtu.

Sababu nilikueleza kwenye simu, ukacheka. Ngoja nieleze polepole. Miaka ile niliyaanika mabati yale juani, kisha nikayapima. Niliandika mambo mawili: kwamba hayapauki, na kwamba nguvu yake inakwisha ndani kwa ndani, yakabaki yanang'aa kama mapya huku hayawezi kubeba mtu. Hilo la pili ndilo lililokuwa kazi yenyewe, ila nililiweka ukurasa wa mwisho.

Mtaalamu mmoja, nadhani alikuwa na haraka zake, akaandika kwamba nimethibitisha mabati hayo yanavumilia jua. Wa pili akanakili kutoka kwa huyo, lakini akaweka jina langu. Basi, maneno yakaota miguu. Kazini kwetu mtu hunukuu kama anavyoitikia salamu, hata hasikilizi.

Nikaandika masahihisho, yakachapishwa. Mwaka huu nimekuta nayo yananukuliwa, eti mimi huyo huyo nimethibitisha tena! Nilicheka peke yangu, nikaenda kuosha kikombe. Mkuu wa idara nilipomweleza, alinishauri nisijitie doa karibu na sherehe. Namba ni namba, akasema. Hata hasira sikuipata, Kaka. Niliitafuta.

Sasa nije kwako. Kumbe muuzaji alikuonyesha karatasi yenye jina langu, nawe ukanunua kifua mbele, ukaezeka chumba cha watoto. Miaka minne ukanificha, ili nikija nishangae. Nimeshashangaa. Nilipokwambia yatakuangusha, ulinijibu hivi: "Mdogo wangu, wataalamu wote hao wanasema umesema, wewe peke yako unasema hukusema? Wengi wape."

Neno hilo halijanitoka. Tangu siku ile ya sherehe ndiyo mara ya kwanza nimehisi kitu, na nilichohisi ni woga.

Maana nakujua ulivyo mbishi. Mvua zikikaribia unapanda mwenyewe kutoa majani kwenye mifereji, goti au si goti, na fundi hutaki aguse paa lako. Yangu yalianza kuvunjika mwaka wa nne. Hayakutoa ufa, hayakulia. Nilikuwa nayawekea mzigo wa kilo za mtu mzima, nageuka kuchukua kalamu, nikigeuka tena uko sakafuni.

Nakuomba usipande. Watoto wahamie sebuleni leo hii, na fundi ayashushe akiwa amesimama kwenye ngazi, asikanyage hata moja. Wakikuuliza majirani kwa nini unabomoa paa linalong'aa, waambie dada yako ni mwehu. Nimekubali.

Nisalimie wifi na chumvi yake. Msalimie Kifimbo, mwambie shangazi hajasahau baiskeli. Kitindamimba mpe busu la shavu, hata akikimbia. Mama mkwe wako umshike mkono kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake, usingizini na mchana.

Andiko langu limetajwa na watu wengi kuliko la yeyote aliyewahi kufundisha hapa, na sijui kama yupo aliyefika ukurasa wa mwisho. Barua hii nimeifanya fupi makusudi. Wewe Kaka, nisome mpaka hapa.

Ni mimi, wa tumbo moja nawe, nikupendaye,
Mdogo wako.