Maji Yakichemka Hayavunjiki

Ipuli,
Tabora.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Damas,

Marahaba. Shikamoo yako sijaisikia tangu Jumapili uliponikatia simu, lakini mimi ndiye mkubwa, nimejiitikia mwenyewe. Hujambo? Joto la Mtwara linasemaje, na lile goti lako? Sisi hapa Ipuli wazima. Mama kule Urambo kifua kimeachia, anamshukuru Mungu.

Basi, salamu zimekwisha. Nimeandika barua kwa sababu simu unaikata, na barua huwezi kuikata. Nina hasira, Damas. Nina hasira mpaka chai ya asubuhi imenishinda.

Umempigia mwalimu wa taaluma bila kuniuliza, amwondoe mwanao Recheli kwenye kemia shule ikifunguliwa Julai. Eti amepata sifuri kwenye swali la vifungo vya kemikali, eti kichwa chake si cha sayansi. Mtoto huyu nimemlea tangu mama yake afariki. Anataka kuwa mfamasia, na bila kemia ufamasia hakuna. Wewe unamfungia mlango kwa simu moja ukiwa bandarini, hata kumuuliza mwenyewe hukumuuliza!

Nimeiomba karatasi yake nikaisoma. Swali liliuliza ni vitu gani vinavyoachana maji yakichemka. Ameandika kwamba haidrojeni na oksijeni zinaachana, na yale mapovu ni oksijeni inayotoka. Nilishtuka, maana mimi nafundisha kemia miaka yote hii na sijawahi kumwambia hivyo. Nikamuuliza jibu hilo kalitoa wapi. Nilipombana ndipo akasema, "Baba alinieleza Pasaka, kwenye simu."

Wewe! Sifuri ile ni yako, mdogo wangu. Ungeibandika ukutani kwako.

Sasa sikiliza nikufundishe, si mara ya kwanza. Ndani ya molekuli moja ya maji, atomu mbili za haidrojeni zimeshikana na moja ya oksijeni kwa kushirikiana elektroni. Hao ni watu wa kaya moja. Halafu molekuli na molekuli nazo zinavutana, ila kwa nguvu ndogo zaidi, kama majirani waliokusanyika harusini. Ukichemsha, wanaotawanyika ni majirani. Kila kaya inaondoka nzima. Mvuke ni maji yaleyale. Inua kifuniko cha sufuria uone matone. Kama jiko la kuni lingetosha kutoa haidrojeni, gesi inayowaka vile, mama angekuwa ameshalipua nyumba ya Urambo kwa maji ya ugali.

Hata nta umeisahau? Si tulikuwa tunaiyeyusha na baba tukipaka mizinga? Ikipoa inaganda, nta ileile, na nyuki wanaifuata. Lakini ile asali uliyoiacha jikoni ikaungua, ikawa nyeusi na chungu, ile ndiyo iliyovunjika kweli. Haikurudi kuwa asali, na viboko ulikula.

Kutojua si dhambi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kinachoniudhi ni kwamba kosa ni lako na adhabu umempa mwanao.

Na bado sijakwambia lililoniuma zaidi. Nilimuuliza Recheli, "Mimi si nilikueleza hapahapa mezani ukaelewa?" Akasema alielewa, na jibu alilijua. Nikamuuliza, "Sasa kwa nini uliandika la baba yako?" Akainama.

"Shangazi, wewe umenifundisha vitu vingi. Baba amenifundisha hicho kimoja tu."

Niliingia ndani nikalia, na nilipotoka nikachukua kalamu.

Kwa hiyo, barua hii ikikufika, mpigie mwalimu umwambie umebadili neno lako. Kisha mpigie Recheli. Mwambie kwa kinywa chako kwamba ulikosea, halafu umweleze lililo sahihi, liko hapo juu. Mimi naweza kumweleza mpaka sauti inikauke. La kwako ndilo atakaloliandika.

Shemeji yako Samweli anakusalimu, na mama anauliza utakuja lini. Msalimie Nestory uliyepanga naye chumba. Recheli yuko uani anafua sare zake, hajui kama nimekuandikia. Mungu akulinde na kazi za huko, na akulainishe moyo.

Dada yako akupendaye hata akikukasirikia,
Bernadeta