Uzi Uliorudishwa na Posta

Juu ya duka la vitambaa,
Jumatano, siku ya tisa baada ya sikukuu.

Mpendwa mdogo wangu, fundi saa,

Huna haya! Haya, nimeshasema, sasa tusalimiane. Hujambo? Mgongo je? Wifi na watoto wazima? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananigombeza ngazini.

Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha yako ya sikukuu yetu ya kaka na dada. Nikavaa miwani. Mkono wa kulia, pale pa rakhi yangu, uzi ambao dada humfunga kaka yake, umefungwa uzi wa mtu mwingine, una ua kubwa kama kifuniko cha sufuria! Nawe unacheka mpaka magego yanaonekana. Kwangu hujawahi kucheka hivyo.

Nikaambiwa ni wa jirani yako muuza maua, eti naye anakuita kaka. Kaka wa wapi? Alikufuta kamasi lini? Nani aliacha shule darasa la tatu ili akulee, yeye au mimi?

Nilidhani rakhi yangu umeitupa. Siku tatu chakula hakipiti, namgombeza kila anayekatiza mbele yangu. Juzi mleta barua akanirudishia bahasha yangu, uzi ukiwa bado ndani. Imeandikwa juu: amehama.

Miaka kumi na mmoja nausokota uzi huo mwenyewe, nauombea ukulinde mwaka mzima, nautuma nyumba ileile. Kumbe umehama miezi miwili sasa! Muuza maua anaujua mlango wako, mimi wa tumbo moja naarifiwa na bahasha.

Nilimpigia wifi simu, anasema uliogopa nitakuja kulikagua jiko. Ningelikagua, ndiyo. Ungeniambia vilevile. Barua hii naituma kazini kwako, maana hiyo meza ya saa huwezi kuihama kimyakimya.

Nimeulizia habari za huyo mama. Kaka yake alifariki, hana mwingine. Basi, sina ugomvi naye. Lakini akufunge baada yangu, si kabla.

Msalimie wifi, watoto waambie shangazi anawakumbuka. Mungu akulinde, hata kama hustahili wiki hii.

Dada yako, tena mmoja tu, akupendaye.

Uzi siupeleki posta tena. Jumapili funga duka, panda basi, uje nikufunge mwenyewe na kukulisha kitu kitamu. Usiniambie siku imepita; dada ni mimi, nitasema mimi imekwisha lini. Na lile ua lihamishie mkono wa kushoto kabla hujagonga mlango.