Shemasi Aliyeapa Mbele ya Baraza la Jiji

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na jina langu tafadhali lifiche, maana hapa mtaani kwetu California tunajuana hadi rangi za mapazia. Mimi ni shemasi, mtu wa makamo mwenye magoti ya babu, na jirani yangu Dada Verlene, mjane, kila mwezi huniletea kikopo cha dawa ya kuchua anayoipika kwa bangi aliyoiotesha kwenye vyungu vyake, bure kabisa, nami najichua mlango ukiwa umefungwa nikijiambia haya ni mafuta tu, sasa mwaka huu akaomba kibali cha jiji afungue duka halali la dawa hizo kwenye kona yetu, na kabla ya kibali lazima majirani wasikilizwe, basi mchungaji akatujaza kwenye basi la kanisa tukapinge, na kwa kuwa nina sauti nzito ya kwaya akanisukuma kwenye kipaza sauti, “Shemasi, wape moto!” nikawapa, nikataja jina na anwani kama inavyotakiwa, kisha nikaapa kwamba jani lile halijawahi kuvuka kizingiti changu, watu wakapiga makofi, na Verlene yuko kiti cha mbele ananitazama, na zamu yake ilipofika akaeleza habari za ulinzi na umbali kutoka shuleni, kunihusu mimi hakusema neno.

Baraza likaahirisha uamuzi hadi mwezi ujao kwa sababu jirani wa karibu kabisa ana wasiwasi, ndiye mimi huyo, na mwenye jengo amemwambia Verlene akikosa kibali safari hiyo, chumba cha duka anapewa mwingine. Tulipotoka akanipita akisema, “Shemasi, magoti yamepona, eh? Ngazi umezipanda kama kijana!” Akacheka, lakini tangu siku hiyo sijaona kikopo, na kumgongea naona haya. Je, nikiliandikia baraza barua isiyo na jina, itatosha?

Shemasi Mwenye Haya

Ndugu yangu Shemasi,

Haitoshi. Uongo uliupeleka kwa jina na anwani, ukweli unataka uende umejifunika shuka?

Pole kwa magoti. Mimi nikiinama kuokota kijiko, hutazama kwanza kama kuna kingine cha kuokota hukohuko chini, maana safari ya pili siiwezi. Na utamu wa makofi naujua, nimewahi kusema upuuzi mwingi kwa ajili yake. Lakini wewe umezidi, bwana! Ungekuwa na hoja ya harufu au magari, ungeitoa, ni haki yako. Hukutoa hoja. Ulitoa kiapo, juu ya mtu aliyekuwa anakutibu.

Kesho mchana mgongee Verlene. Mwambie, “Nilisema uongo,” kisha nyamaza. Ya mchungaji kukusukuma usiyataje, wewe si toroli. Dawa usiombe. Muulize anachokuruhusu kusema, kwa sababu mambo ya jikoni kwake ni yake, na neno moja la bangi ya nyumbani laweza kumharibia kibali. Halafu mwone mchungaji, ayasikie kwako kabla ya kuyasikia ukumbini. Huenda ushemasi ukakutoka. Uache uende.

Mwezi ujao simama mbele ya baraza lilelile, utaje jina, utaje anwani, uifute kauli yako. Kibali anaweza kukikosa hata hivyo, lakini kisikosekane kwa ulimi wako. Ukimaliza, usirudi kwenye kiti ulichoinukia kati ya watu wa kanisa. Kaa kando ya Verlene, kama atakuruhusu.