Unga wa Ghala la Ezron

Lufingo, Tukuyu
Mei 1993

Mdogo wangu Jotham,

Mimi kaka yako nina miaka sabini na saba. Nimewaona Waingereza wakifunga mizigo, nimeishinda ndui na foleni za sabuni, na mganga aliyesema sifikishi masika nimemzika mwenyewe. Basi usiulize kama mimi ni mzima. Mgongo wako unaendeleaje huko Kyela? Shemeji hajambo? Ndaga fijo, asante sana kwa mchele, umefika.

Huku habari ni unga. Tangu biashara iwe huria, mwanangu Ezron amekuwa tajiri wa unga pale mjini. Lakini magunia aliyalaza kwenye udongo, paa linavuja, panya wanazaa humo, na pembeni madumu ya dawa ya kuulia wadudu wa kahawa. Wachuma chai wanaonunua kwake wakaanza kutapika. Mjukuu wetu Tulia alitapika mpaka macho yakaingia ndani. Nilimwambia Ezron unga unanuka dawa. Akanijibu mbele ya wateja kwamba pua yangu imeoza kwa ugoro, nirudi kwenye migomba.

Bwana afya Nelson alikwenda kukagua, akafukuzwa. Ezron akisafiri, mkewe Tusekile ndiye anashika ufunguo, na mdomo wake unaujua. Alimwambia Nelson akakague kwanza choo cha mama yake.

Siku ya soko, Ezron yuko safarini, Tusekile alikuwa amefungua ghala. Mara nikatokea mimi na fimbo yangu, nikasimama mlangoni kabisa. Si unajua mila yetu, mkwe haonani uso kwa uso na baba mkwe! Alijifunika kanga akakimbilia migombani, ghala wazi, ufunguo unaning'inia kwenye kufuli. Nelson akaingia. Gari la halmashauri likabeba magunia yote, yakachomwa shimoni. Wachuma chai walipiga vigelegele!

Watu wanasema mzee alikuwa anapita tu. Nakuambia wewe: sikuwa napita. Nilimfuata Nelson kwake, nikamwambia ajifiche kwa fundi cherehani jirani na ghala, mlango ule nitaufungua mimi. Heri mwanangu alilie unga kuliko tumlilie Tulia. Ezron sasa hanisalimu. Atanisalimu, nimemzaa mimi. Tulia jana kala ndizi, kaomba nyingine.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako. Ukidhani naongeza chumvi, muulize Nelson, au mwinjilisti Andrea aliyeona mbio zile. Hata Tusekile ni shahidi, ila atasema "yule mzee" tu, maana mkwe hathubutu kulitaja jina langu.

Ni mimi kaka yako,
Jairo