Kanuni ya Kitanda

Jumanne, 3 Juni

Uji saa moja. Uji saa nne. Sasa ni saa sita, nasikia mwiko ukigonga sufuria, kwa hivyo ni uji tena. Wa wimbi, mzito. Mama mkwe husimama mlangoni mpaka nimalize. Mshono wa upasuaji hauumi ila nikicheka, na hapa Ruiri sina hatari hiyo.

Wiki ya tano kitandani kwa wakwe. Mwisho wangu ni tenki la maji. Nikilipita, Mama ananiita kwa upole mpaka naona aibu kurudi na aibu kutorudi. Simu imekatazwa nikinyonyesha, eti mwanga unaharibu macho ya mtoto. Naisoma chini ya leso.

Kundi letu la mchezo wa simu na kompyuta linawaka moto. Kobe, mchezaji mbishi kuliko wote, amerudi.

Mchezo wenyewe tunauita Ngome, kwa kuwa jina lake la Kiingereza hakuna anayelimaliza kwa pumzi moja. Unaunda shujaa, unampa kazi, anasafiri na wenzake watatu wanaoendeshwa na kompyuta. Sisi mashabiki, mia moja na kitu, wengi wa Embu na Meru, tuliuona rahisi mno. Unakatwa panga, unakunywa dawa, unaruka. Tukatunga kanuni zetu, nami nikaandika faili ya kuulazimisha mchezo uzifuate. Kanuni ya Kitanda ni yangu neno kwa neno: shujaa akibaki na nguvu chini ya robo, anabebwa hadi kambini, analala siku tatu za mchezo, na wenzake wanaamua kila kitu. Majeruhi haulizwi.

Jana shujaa wa Kobe alijeruhiwa. Alipoamka, wenzake walikuwa wameuza upinde wake. Upinde alioutafuta miezi miwili.

"Jaji, hii rule yako ni wizi," ameandika. "Mali yangu imeuzwa nikiwa nimelala. Hata mwizi wa kuku huwa anangoja utoke."

Jaji ni mimi. Wengi wanadhani ni mwanamume. Hapa nyumbani mimi ni Mama Kirimi. Jina langu, Wanja, halijaitwa na mtu tangu hospitali.

Nilicheka sana kuhusu ule upinde. Mshono ukanikumbusha.

Alhamisi, 5 Juni

Mjadala siku ya tatu. Kuna mwalimu wa Kiirua anayeniunga mkono kwa aya ndefu kama risala. Anasema mchezo usioweza kukuumiza ni picha za kutazama tu. Kobe anajibu kwamba kulala ndiko kutazama: amekaa dakika arobaini akiangalia wajinga watatu wakitembea na vitu vyake. Mtu wa Chuka anataka siku tatu ziwe moja. Mwingine anataka dawa ghali ya kuamsha. Nimemkataa huyo wa dawa papo hapo. Ukiruhusu dawa, kanuni imekufa.

Nikaandika: "Kitanda ni sehemu ya vita. Anayeogopa kulala asishike upanga." Mioyo na vidole gumba tele. Nilijisikia mtu.

Siku tisa zimebaki. Mume wangu Mwenda aliahidi kunichukua Jumamosi ya tarehe 14 turudi nyumbani kwetu Majimbo, mjini Embu. Jumatatu ya 16 narudi kazini. Fundi mkuu wa duka la kurekebisha kompyuta ameniwekea meza yangu hadi siku hiyo. Baada ya hapo anampa mtu mwingine. Alisema kwa heshima, lakini alisema.

Jumamosi, 7 Juni

Wageni sita. Kila mmoja alimwangalia mtoto, kisha tumbo langu, kisha sahani yangu. Njahi, yale maharagwe meusi ya kuongeza maziwa. Supu ya mbuzi. Ndizi za kuponda. Upepo umepiga mabati mchana kutwa. Sina wa kumlaumu. Wananipenda, na hakuna ukuta mgumu kuvunja kama huo.

Siku saba.

Jumapili, 8 Juni

Mwenda amekuja bila kutangaza, na pikapu ya rafiki yake. Wameshusha magunia na vitu vilivyofunikwa turubai, moja kwa moja ghalani. Nimetazama kwa dirisha. Mbolea, amesema. Mbolea mwezi wa Juni, mvua ikiwa imeisha. Mimi si mkulima, sikuuliza zaidi.

Alimbeba mtoto vizuri. Alikula vizuri. Nilipomuuliza saa ngapi atakuja Jumamosi, alisema, "Tutaongea," akaondoka kabla ya chai. Mwenda haachi chai. Miaka minne ya ndoa, hajawahi kuacha chai.

Jumanne, 10 Juni

Nimetangaza kura. Mwisho Ijumaa jioni: Kanuni ya Kitanda ibaki ilivyo au ifutwe. Kobe alikuwa kimya tangu Jumamosi, watu wakamtania kwamba ameenda kununua upinde mwingine. Saa nane mchana akatokea. Alikuwa akihama, amesema. Akatuma picha ya mahali pake papya pa kuchezea: meza, skrini, kiti cha plastiki, na nyuma yake ukuta wa buluu.

Nimeitazama ile picha mpaka mtoto akaanza kulia.

Ukuta wa buluu nilioupaka mwenyewe nikiwa na mimba ya miezi mitatu. Rangi iliisha kabla ya pembe ya juu. Pembe bado haina rangi. Misumari mitatu ya kushikia nyaya bado iko, mmoja umepinda, niliupinda mimi. Dirishani, tenki la njano la jirani.

Nikamuuliza ni mtaa gani.

"Majimbo," amejibu. "Bei poa. Landlord anasema jamaa alikuwa hapa alirudisha bibi ushago kabisa."

Ushago, yaani huku kijijini. Kabisa.

Jumatano, 11 Juni

Nililipita tenki. Mama aliita mara mbili, sikugeuka. Ghala halifungwi. Chini ya turubai: kompyuta yangu, imefungwa kwa gauni langu la mimba. Skrini. Sufuria zetu. Sahani za harusi. Viatu vyangu vya kazi, vimefungwa kamba pamoja kama miguu ya kuku wa kuuzwa.

Nimemwandikia Mwenda maneno mawili: Nimeona ghala.

Amejibu baada ya saa nzima. "Si tulikubaliana siku moja tutajenga? Nyumba ya town ya nini na wewe hauko? Mimi nalala tu store ya duka ninalofanyia kazi. Ningekuambia ukipata nguvu."

Ukipata nguvu. Yaani nilipokuwa sina nguvu ndipo ilipofaa. Tuliongea kuhusu kujenga, ndiyo. Tuliongea pia kuhusu kwenda Mombasa na kufuga sungura.

Nimelia kwa hasira. Ninamchukia leo. Kesho sijui, lakini leo namchukia. Na kazi yangu ina siku tano.

Kwenye kundi, mwalimu wa Kiirua ameandika tena: uzuri wa Kanuni ya Kitanda ni kwamba wenzako wanakujali kwa namna yao. Ninaongoza kwa kura nane. Nimetamani kuitupa simu ndani ya uji.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemkabili Mama. Nilijiandaa kwa vita. Nilisimama jikoni na mtoto begani, nikasema kila kitu bila adabu ya mkwe. Kwamba mimi si mbuzi wa kuletwa na kufungwa. Kwamba nina kazi.

Aliweka mwiko chini. Uso ulimbadilika.

"Mwenda aliniambia ni wewe umeomba," akasema. "Ati umechoka na town. Mimi nikafurahi. Nikasema huyu msichana ananipenda."

Maharagwe yakaungua na hakuna aliyeyaondoa motoni.

Kisha akaanza kuongea Kimbeere. Miaka minne sijawahi kumsikia akikiongea. Hapa ni Kimeru tu na Kiswahili cha wageni. Mimi ni Mwembu, lugha zetu ni karibu moja, nikaelewa yote. Amezaliwa kule chini Mbeere kwenye joto. Mumewe alikuwa akifanya kazi Isiolo. Alipojifungua Mwenda, akaletwa hapa kwa mama wa mzee, yaani baba mkwe wangu, alishwe, apate nguvu. Mwezi mmoja, waliambiana. Hakuna aliyemfungia. Kila akisema anaondoka, kulikuwa na ng'ombe anayezaa, au mvua, au mgonjwa.

"Mwenda ako na miaka ngapi?" akaniuliza kwa Kiswahili, kana kwamba hajui.

Thelathini na nne.

Alikwangua sufuria. Leo uji haukuletwa. Nimekunywa chai ya kawaida, yenye sukari.

Ijumaa, 13 Juni

Kura zilifungwa saa kumi na mbili. Hamsini na tisa wanataka kanuni ibaki, hamsini na sita ifutwe. Nimeshinda. Nikakaa na ushindi wangu kitandani.

Kisha nikatangaza kwamba ninaibadilisha. Kelele! Nikaandika: shujaa bado analala siku tatu. Hapigani, hatembei. Lakini anaulizwa. Hakuna kinachouzwa, hakuna njia inayochaguliwa, kambi haihamishwi, mpaka yeye aseme ndiyo au hapana.

Mwalimu wa Kiirua amenishutumu vibaya. Ati nimevunja kura, ati Jaji ameingiwa na huruma. Kuhusu kura ana haki, nimemwambia hivyo. Huruma, hapana. Fikiria, nikamwambia: wenzako wana njaa, wanataka kuuza upinde wako, wewe huwezi kuinuka kuwatafutia chakula. Useme ndiyo au hapana? Hiyo ni ngumu kuliko kulala na kutazama. Kanuni yangu ya kwanza ilikuwa ya mvivu. Haikumfanya majeruhi aumie, ilimfanya asiwepo.

Mtu wa Chuka amekubali. Watatu wametoka kundini. Waende.

Kobe hakushangilia. Aliuliza tu kama atarudishiwa upinde. Nikamwambia hapana. Akaandika, "Sawa tu."

Ndipo nikamwandikia pembeni: kwenye ploti hiyo yako kuna chumba chochote kitupu? Hakuuliza maswali. Baada ya nusu saa alijibu. Kimoja, cha nyuma, karibu na lango, hakina dirisha upande wa barabara. Amemwambia mwenye nyumba akishike.

"Kwani Jaji ni wa Embu?" akauliza.

Nikamwambia ukuta wake wa buluu una pembe isiyopakwa rangi, na aliyeupaka ni mimi. Akatuma alama ya mshangao. Maskini.

Jumamosi, 14 Juni

Mwenda hakuja. Nilifunga mtoto mgongoni na kuinua kompyuta, nikaona siwezi vyote viwili. Mama alikuwa ameshavaa koti la kanisani.

"Mtoto wa wiki sita hawezi kusafiri na mtu amebeba mawaya," akasema. "Nitawafikisha."

Mzee alikuwa kwenye kiti chake na redio. Akauliza atarudi saa ngapi. Mama akamwambia chakula kiko kwa sufuria ya buluu.

Tumefika saa tisa. Chumba kina sakafu ya saruji, balbu moja na mlango wa bati. Mama alifagia mara mbili kabla ya kuruhusu mtoto ashushwe. Mama alimpigia Mwenda simu, na jioni akaleta kitanda. Alitaka kuongea, macho mekundu. Nikamwambia, "Tutaongea." Mama alimkanya asiingie na viatu. Amerudi kulala dukani.

Siogopi. Hapana, naogopa. Lakini naogopa nikiwa mahali nilipochagua.

Jumatatu, 16 Juni

Meza yangu ilikuwa pale. Juu yake kompyuta saba mbovu na vumbi. Fundi mkuu alisema karibu, akaendelea na kazi. Nimetengeneza mbili. Nilirudi mchana kunyonyesha, dakika kumi kwa miguu.

Chumba ni kidogo mno. Ukinyoosha mguu unagusa jiko. Mama alikuwa amekaa mlangoni, Kirimi amelala mapajani mwake. Humwita mtoto "mume wangu", kwa kuwa amepewa jina la mzee. Alikuwa akiongea na jirani kwa Kimbeere, kwa sauti kubwa, mikono ikiruka. Sikujua ana mikono ya namna hiyo.

Simu yake ililia. Ni mzee. Chumvi iko wapi?

"Iko mahali pake," akasema, na kukata.

Nimeona kwamba begi lake ni tupu. Amepigilia misumari ukutani, juu ya kitanda, na magauni yake manne yamepangwa hapo, pamoja na lile la Krismasi. Hajasema anarudi Ruiri lini. Sijamuuliza.